Tano Bila, Mara Tatu

Mwishoni mwa Aprili 2024, katika mji wa Chengdu nchini China, timu ya wanawake ya Uganda ilicheza fainali za Kombe la Uber, mashindano makubwa kuliko yote duniani ya timu za wanawake katika mchezo wa vinyoya. Walipangwa Kundi C. Wakacheza na Japani, wakafungwa tano bila. Wakacheza na Indonesia, tano bila. Wakacheza na Hong Kong, tano bila tena. Mechi kumi na tano, ushindi sifuri. Wakarudi nyumbani.

Mitaani kwetu, timu ikipigwa tano tunasema imekula kono la nyani, halafu mazungumzo yanahamia kwingine. Kono la nyani mara tatu mfululizo nani atalikalia kikao? Magazeti yaliyoandika habari hiyo yaliipa mistari michache, na hakuna wa kuyalaumu. Lakini mimi nafundisha historia, na kila ninapoona jedwali la matokeo ambalo watu wamelitazama mara moja na kufunga ukurasa, mkono unawasha. Naomba msomaji unipe dakika kumi tulifungue tena.

Kwanza nikwambie naandika kutoka wapi. Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Iramba. Hapa habari za mjini ni bei ya alizeti, bei ya vitunguu, na Simba na Yanga. Vinyoya tunavyovijua ni vya kuku, na kuku wa Singida wana jina hadi Dar es Salaam. Nilimweleza mama mmoja anayeuza kuku sokoni kwamba kuna mchezo ambao badala ya mpira watu wanapiga kinyoya.

"Shikamoo mama. Unajua kuna watu wanapanda ndege kwenda China kupiga vinyoya?"

"Marahaba mwanangu. Vya kuku?"

"Hapana mama, vya bata bukini. Kumi na sita kwenye kimoja, na vyote lazima vitoke bawa la upande mmoja. Wanapenda zaidi la kushoto."

Akanyamaza kidogo, akahesabu. "Basi huyo bata kaonewa. Na la kulia wanalipeleka wapi?"

Swali lake si la kupuuzwa. Kinyoya rasmi cha mchezo huu kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kichwa cha koki, na uzito wake wote haufiki gramu sita: sheria inataka kati ya gramu 4.74 na 5.50. Manyoya ya bawa moja hupinda upande mmoja, kwa hiyo kinyoya kinazunguka vizuri kikiwa hewani. Changanya ya kushoto na ya kulia, kitayumba kama mlevi. Na kitu hicho kilichotengenezwa kwa uangalifu mkubwa hivyo hakidumu. Wakubwa wanapocheza, mechi moja inaweza kula dazeni nzima. Kabla hujauliza kwa nini Uganda walifungwa, weka hilo kichwani: huu ni mchezo ambao kifaa chake kikuu kinakufa mkononi mwako ukiwa bado unajifunza kukitumia.

Sasa turudi nyuma.

Watoto wa Ulaya na Asia walirusha vinyoya kwa vibao vya mbao kwa karne nyingi, bila wavu na bila hesabu. Mchezo wenye wavu na sheria ulipata sura katika miaka ya 1870, pale maafisa wa jeshi la Uingereza walipoucheza huko Poona, India. Waliporudi kwao wakaubeba, na jina likatokana na jumba la mkabaila mmoja wa Kiingereza, Duke wa Beaufort, liitwalo Badminton House. Mwaka 1893 Waingereza wakaunda chama chao, mwaka 1899 wakaanzisha mashindano ya All England, na mwaka 1934 likaundwa shirikisho la kimataifa likiwa na wanachama tisa. Wahesabu: England, Scotland, Wales, Ireland, Denmark, Uholanzi, Ufaransa, Kanada na New Zealand. India, ambako sheria zilianza kuandikwa, haikuwemo. Afrika nzima haikuwemo.

Huo ndio mwanzo wa karibu kila mchezo tunaouita wa kimataifa. Unapikwa sehemu moja, unawekwa jina sehemu nyingine, na wanaokaa mezani kugawa nyama si lazima wawe waliochinja. Afrika Mashariki uliingia kwa mlango uleule wa reli na ofisi za serikali: maafisa wa kikoloni na familia zenye asili ya India, katika klabu na kumbi za Nairobi, Kampala, Mombasa na Dar es Salaam. Ulikuwa mchezo wa ndani kwa maana mbili. Ulichezwa ndani ya ukumbi, na ulichezwa ndani ya jamii chache. Mtu wa Iramba aliyekuwa anafagia ukumbi huo pengine aliujua vizuri kuliko tunavyoujua sisi leo, lakini jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya wanachama.

Kombe la wanaume, la Thomas, lilichezwa mara ya kwanza msimu wa 1948–49. Fainali ilikuwa Preston, Uingereza, na Malaya wakaifunga Denmark nane kwa moja. Soma tena mwaka huo. Malaya ilikuwa bado koloni. Uhuru wake ulikuja 1957. Nchi isiyokuwa na bendera yake ilikwenda nyumbani kwa mtawala na kurudi na kombe la dunia. Wanahistoria wa Asia ya Kusini-Mashariki wanalijua tukio hilo. Sisi ambao tulikuwa chini ya taji lilelile, hatukufundishwa, na sijaliona kwenye kitabu chochote cha shule nilichokabidhiwa.

Kombe la wanawake lilichelewa. Lilibeba jina la Betty Uber, mchezaji wa Kiingereza aliyelipigania, na fainali ya kwanza ilichezwa mwaka 1957 huko Lytham St Annes. Marekani waliwafunga Denmark sita kwa moja. Marekani hao hao wakachukua tena 1960 na 1963, kisha Japani wakapokea kijiti: 1966, 1969, 1972. Mwaka 1975 ikawa zamu ya Indonesia. Tangu 1984 makombe yote mawili yanachezwa pamoja, kila baada ya miaka miwili, na pambano moja ni mechi tano: tatu za mtu mmoja mmoja na mbili za wawili wawili. Ndiyo maana "tano bila" ndiyo kipimo cha juu kabisa cha kupigwa. Hakuna sita.

Ukitazama majina ya mabingwa hao utadhani historia yote ni ya raketi. Sivyo. Mwaka 1978 mchezo huu ulipasuka vipande viwili. Nchi kadhaa za Asia na Afrika zilijitoa na kuunda shirikisho pinzani. Ugomvi ulikuwa na mizizi mitatu: uanachama wa China dhidi ya Taiwan, uwepo wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na uzito wa kura, yaani kama kila nchi ihesabiwe sawa na nyingine. Mashirikisho hayo yaliungana tena mwaka 1981.

Msomaji wa Tanzania hapo ananielewa haraka, kwa sababu sisi tulikuwa na ugomvi wetu wa aina hiyo. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kususia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki baada ya timu yake ya raga kuzuru Afrika Kusini. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 sekunde 32.2, akimtangulia John Walker wa New Zealand. Montreal, Walker akachukua dhahabu. Fungua jedwali la matokeo la mbio zile: jina la Bayi halimo, na jedwali halisemi kwa nini. Ukilisoma peke yake utafikiri hakuwa na mbio za kutosha mwaka ule.

Hapo ndipo nilipojifunza kuyaogopa majedwali. Jedwali halidanganyi, ila lina tabia ya kunyamaza. Linakuambia nani alishinda kati ya waliokuwepo. Halikuambii nani hakuwepo, nani alizuiwa, wala yule aliyekuwepo alifika vipi.

Basi tuulize: Uganda walifikaje Chengdu?

Hawakupewa tiketi ya huruma. Fainali za Uber zina timu 16, na mabara yanatoa nafasi zake kupitia mashindano. Februari 2024, jijini Cairo, Uganda walitwaa ubingwa wa Afrika wa timu za wanawake. Bara ambalo kwa miaka ya karibuni lilizoea kutoa Mauritius au Misri safari hii likatoa nchi ya Afrika Mashariki, isiyo na pwani, yenye bajeti ya michezo inayokwenda zaidi kwa wakimbiaji na soka. Hiyo nayo haikuja kwa siku moja. Edwin Ekiring alikuwa ameshaibeba Uganda kwenye vinyoya vya Olimpiki mara mbili, Beijing 2008 na London 2012. Mwaka 2022 Kampala ikaandaa mashindano ya timu ya Afrika. Mtoto wa Kampala anayetaka kujua mchezo huu unachezwaje na wakubwa wa bara, angeweza kupanda daladala, au taksi kama wanavyoiita wao, akaenda kukaa jukwaani na kuangalia.

Na wana majina: Fadilah Shamika Mohamed Rafi, Husina Kobugabe, Gladys Mbabazi, Tracy Naluwooza. Hao ndio waliobeba vinyoya vya wanawake wa Uganda katika miaka hiyo. Nayaandika kwa makusudi, kwa kuwa habari ya "Uganda wachapwa" haina mtu ndani yake. Nchi haishiki raketi.

Sasa tazama waliokutana nao. Japani walikwenda mpaka nusu fainali. Indonesia walifika fainali, mara yao ya kwanza tangu 2008, na China wenyeji wakawafunga tatu bila. Yaani katika kundi lile la timu nne, mbili zilikuwa miongoni mwa nne bora za dunia. Ukipangwa hapo, hukupangwa kundi, umepangwa foleni ya kunyongwa.

Ninajua kuna watu wawili watanikatiza hapa. Wa kwanza ni yule wa kono la nyani: kufungwa ni kufungwa, mwalimu, acha porojo. Wa pili ni yule mpole wa semina, atakayesema kwamba muhimu ni kushiriki. Wote wawili siwakubali, na wa pili simkubali zaidi. "Muhimu ni kushiriki" ni maneno ambayo mshindi humwambia mshindwa ili amnyamazishe kwa upole. Hakuna aliyepanda ndege hadi Chengdu ili ashiriki. Walikwenda kushinda hata mechi moja, na hawakuipata, na lazima iliuma.

Ninachosema mimi ni kitu cha tatu. Tano bila mara tatu ni ushahidi. Ni kipimo, kama kamba ya mpima ardhi. Inaonyesha umbali uliopo kati ya bingwa wa Afrika na nusu fainali ya dunia, na umbali huo haukuumbwa na Mungu. Fanya hesabu ndogo: mechi 15, hata zote zikiisha kwa seti mbili tu, ni seti 30. Kwa kuwa kila seti ilikwenda hadi pointi 21, mshindi ilibidi achume pointi zisizopungua 630. Hizo pointi 630 zina mama na baba. Zimetokana na mtoto aliyeshika raketi akiwa na miaka sita, ukumbi uliofunguliwa kila jioni, kocha anayelipwa, boksi la vinyoya lisiloisha, na mashindano ya kila mwezi. Japani hawakuzaliwa na mikono mirefu kuliko ya Waganda. Walizaliwa karibu na kumbi.

Na kumbi ndipo hadithi inapofika Nduguti.

Singida ni nchi ya upepo. Mpaka wawekezaji wa umeme wameutazama kwa jicho la tamaa. Kinyoya cha gramu tano kwenye uwanja wa shule wa Singida hakichezeki, kinachezewa: unakipiga kuelekea Kiomboi, kinaamua kwenda Haydom. Halafu uwanda wetu uko juu, na kwenye hewa nyepesi ya miinuko kinyoya kinaruka mbali zaidi, ndiyo maana watengenezaji wanavipanga kwa namba za kasi kulingana na mahali na joto. Uwanja wenyewe si mkubwa, mita 13.40 kwa 6.10, ungeingia kwenye ghala la alizeti na nafasi ikabaki. Wavu hauzidi sana kimo cha mwanafunzi wa kidato cha pili: mita 1.55 kwenye nguzo. Kinachokosekana ni paa na kuta. Hivyo tu. Mchezo ambao dunia inauita mwepesi kwetu unakuwa mzito kwa sababu ya bati.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu matokeo ya Chengdu nikiwa nafundisha mada ya vyanzo vya historia. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao dada walijua watafungwa?"

"Nadhani walijua ugumu uliopo."

"Sasa kwa nini walikwenda?"

Kabla sijajibu, mwenzake akamgeukia: "Wewe, Simbu je?"

Darasa likacheka, kwa sababu hilo ni jina la nyumbani. Alphonce Simbu ni mtoto wa mkoa huu wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48. Aliyeshika nafasi ya pili, Amanal Petros wa Ujerumani, naye ameandikiwa 2:09:48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho ndiyo iamue: tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya riadha ya dunia.

Lakini yule mwanafunzi hakuwa anazungumzia dhahabu. Alikuwa anazungumzia kilichotangulia. Rio 2016 Simbu alikuwa wa tano. London 2017 akapata shaba. Olimpiki ya Tokyo, wa saba. Paris 2024, wa kumi na saba. Boston Aprili 2025, wa pili. Ukikata jedwali lake Agosti 2024 ukalibandika ukutani, ungesema huyu ameshapita kilele, anashuka. Miezi kumi na tatu baadaye ni bingwa wa dunia. Jedwali la Paris halikuwa na kosa. Aliyekosea ni yeyote aliyelisoma kama hukumu.

Sisemi kwamba Uganda watatwaa Kombe la Uber. Historia haitoi ahadi za namna hiyo, na marathoni si vinyoya: mkimbiaji wa Singida barabara anayo bure, na baridi ya asubuhi anayo bure. Ila historia ya mchezo huu huu ina mfano mmoja unaostahili kuwekwa pembeni ya ile tano bila. Nilisema India haikuwa mezani mwaka 1934. Kombe la Thomas nalo India waliingia, wakahangaika nalo vizazi na vizazi. Tarehe 15 Mei 2022, jijini Bangkok, walikutana na Indonesia, nchi iliyokuwa imelichukua kombe hilo mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Lakshya Sen alipoteza seti ya kwanza 8–21, kisha akageuza: 21–17, 21–16. Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty nao wakaanza kwa kufungwa, wakashinda 18–21, 23–21, 21–19. Kidambi Srikanth akamaliza kazi, 21–15, 23–21. Tatu bila. Tangu Malaya washinde Preston ilikuwa imepita miaka 73, na tangu maafisa wale waweke wavu Poona ilikuwa karibu miaka 150. Katikati ya miaka hiyo kuna majedwali mengi sana ya Wahindi waliofungwa, na hakuna mtu anayeyasoma leo. Bila yale, lile la Bangkok lisingeandikwa.

Kwa hiyo nimewapa wanafunzi kazi ya mradi, na nakupa na wewe msomaji. Chukua matokeo yoyote ya mashindano ambayo nchi ya Afrika Mashariki ilifungwa vibaya. Usiandike nani alishinda, hilo limeshaandikwa. Andika mambo manne: wachezaji wetu walikuwa nani kwa majina kamili, walipitia wapi kufika pale, waliopambana nao waliishia wapi, na kitu gani kinachoweza kujengwa kwa saruji na bati kingepunguza tofauti. Ukimaliza utakuwa umeandika historia, siyo matokeo.

Msichana wa nyuma ndiye aliyeleta kazi ya kwanza. Amechagua Chengdu. Kwenye swali la nne hakuandika sentensi. Alichora ukumbi wa mita 13.40 kwa 6.10, akauwekea paa, na chini yake akaandika jina la kijiji chao.